Ubao Ulioingia kwa Paa

Ubao ulikwama kwenye kona ya ngazi. Mariyamu alikuwa juu, mume wake Feruzi alikuwa chini, na katikati alibanwa mzungu mrefu mwenye ndevu za manjano, shavu limegandamana na ukuta. Huko nje mji mzima wa Rumonge ulikuwa barabarani. Ilikuwa wiki ya uhuru, Julai ya mwaka wa sitini na mbili, ngoma zinalia tangu asubuhi, na Mariyamu alikuwa amevaa gauni jipya jekundu lenye kola ya kijani na nyeupe, alilokuwa ameshonewa makusudi akaonekane nalo. Sasa angeonekana na nani?

"Feruzi! Nchi yote inapata uhuru, mimi peke yangu niko gerezani!"

"Ngoja kidogo, bibi. Hii kitu iko na kichwa ngumu."

"Kichwa ngumu iko nayo wewe, uliyeikubali!"

Mzungu akacheka, ubao ukazidi kubana, akaacha kucheka.

Feruzi alikuwa fundi cherehani. Chumba chao kimoja kilikuwa ghorofani, juu ya duka la Mzee Mbaraka, na kilikuwa chumba cha mtu asiyependa kujinyoosha. Kitanda, cherehani, sanduku la vitambaa lililonukia kafuri ya kufukuzia nondo, jiko karibu na dirisha, basi. Ukigeuka umefika. Aliyejenga ile ngazi bila shaka alikuwa na ugomvi na wageni, maana ilipanda kidogo tu ikakata kona, nayo ilikuwa nyembamba kiasi kwamba hata kitanda chao cha arusi kilipandishwa vipande vipande kikaunganishiwa juu. Ubao huu haukuwa na vipande. Ulikuwa mti mwepesi ajabu, mrefu kuliko mlango wa msikiti, umevalishwa ngozi ngumu inayong'aa kama kioo, na mbele umechongoka kidogo ukainua pua.

Mzungu mwenyewe aliitwa Joris. Alikuwa fundi wa mashine za kukamulia mawese, na watu wa Rumonge walimwita Patroni, yaani bwana mkubwa, mbele yake, na nyuma yake wakamwita Kanyagamaji.

Jina hilo hakulipewa bure. Kila mwaka, miezi ya kiangazi, upepo wa kusini huja ukilivuruga ziwa, na Tanganyika husahau kwamba ni ziwa. Mawimbi hupanda, wavuvi huvuta mitumbwi nchi kavu, na wanawake huanua ndagala zao, wale dagaa wa ziwani, mchangani mbio mbio kabla hazijarudi zilikotoka. Siku kama hiyo ndiyo Joris alitoka na ubao wake kwapani. Aliulalia kifudifudi, akapiga makasia kwa mikono, akaenda mpaka kichwa chake kikawa kidogo, halafu likaja wimbi kubwa, na juu ya wimbi lile mtu akasimama.

Mariyamu alikuwa dirishani akichambua mchele. Aliona kwa macho yake. Mtu alisimama juu ya maji, mikono ameifungua, na maji yakamleta pwani kama anayeletwa nyumbani kwao. Ungo ulimtoka mikononi, mchele ukamwagika barabarani, na hakuujali. Alihisi mwili unamsisimka kuanzia nyayoni. Kule mchangani wavuvi wazima, watu waliozaliwa na maji masikioni, walikuwa wamesimama midomo wazi. Wimbi walilijua wote. Wimbi ni kitu cha kukimbia, au cha kungojea kipite. Kwamba mtu anaweza kulipanda, hilo halikuwahi kumjia mtu yeyote kwenye ufuo ule, wala babu yake.

Baadaye walimwona akiusugua ubao kwa mishumaa, zile buji nyeupe za kanisani, mpaka mgongo wake wote ukawa na koti la nta. Watoto walisema anaulisha. Yeye alisema ni ili miguu isiteleze.

Sasa Joris alikuwa anarudi kwao, na avioni, ile ndege ya kumpeleka, ilikuwa imekataa kuubeba ubao. Alimjia Feruzi kwa sababu Feruzi ndiye aliyekuwa ameushonea mfuko, mfuko mrefu wa marekani nyeupe, kitambaa pekee kilichotosha urefu ule. "Nitunzie," alisema. "Nitarudi." Na Feruzi, ambaye angeweza kusema chumba hakitoshi, ngazi haipitiki, bibi yangu atanifukuza, alisema, "Ni amana, Patroni."

Mariyamu alisikia neno hilo akajua ameshindwa. Mambo mengine hubishaniwa. Amana ikishatamkwa haibishaniwi.

Ngazi ilipokataa wakajaribu dirisha, na dirisha lilikuwa na nondo za chuma. Ndipo Feruzi alipopanda juu ya nyumba na nyundo, akang'oa misumari, akaondoa mabati, akateremsha kamba. Ubao, ndani ya mfuko wake mweupe, ukaanza kupanda ukutani polepole, ukielea mbele ya nyumba. Watu waliacha ngoma wakaja kutazama. Kitu kirefu cheupe kilipanda, kikapanda, kikasimama wima kikielekea mbinguni, kikalala, kikamezwa na paa.

Kisha akasema Assumani. Nani mwingine? Assumani alikuwa fundi baiskeli, kibanda chake ng'ambo ya barabara, na alitengeneza breki za watu wote wa mtaa ila domo lake mwenyewe halikuwa na breki.

"Innalillahi!" alisema. "Ule ni ubao wa kuoshea maiti!"

Na kwa haki ya Mungu, ulifanana nao. Kwetu maiti huoshwa juu ya ubao mrefu, hutiwa kafuri, huvikwa marekani nyeupe, na ubao ule hukaa msikitini, hauingii chumba cha watu wanaolala na kula. Ubao mrefu, marekani nyeupe, na chumba kinachonukia kafuri hadi ngazini. Watu walijumlisha wenyewe. Mariyamu alipochungulia pale paa lilipokuwa wazi akapiga kelele kwamba ni ubao wa mzungu wa kuchezea majini, alionekana tu kama mtu anayeficha jambo.

Feruzi aliutundika chini ya miti ya paa, juu ya kitanda, kwa kamba za wavuvi wa ndagala, akafunga mafundo aliyofundishwa na wavuvi wenyewe. Akarudisha mabati, akapiga misumari. Ubao ukawa ndani, na njia uliyoingilia ikawa haipo tena.

"Hizi kamba," alisema akijisifu, "zitabeba hata ng'ombe."

"Mulete huyo ng'ombe basi, tuone."

Miaka ikapita, wao chini, ubao juu. Mariyamu aliuchukia kwa moyo wote na akautunza kwa moyo wote, maana ndivyo alivyolelewa. Aliufuta vumbi upande wa chini. Kila mwaka kabla ya masika alimwamuru Feruzi akague mafundo. Na alipiga marufuku kitu chochote kuwekwa juu yake. Mtu mwingine mwenye chumba kama kile angeweka sufuria, magunia, nguo za Idi. Nafasi ilikuwa kubwa kuliko kitanda chenyewe. Hapana. Amana haiwekewi hata kitunguu. Siku moja Feruzi alificha pakiti ya sigara huko juu, na Mariyamu hakumsemesha mpaka Ijumaa.

Kilichomuuma ni uvumi. Wanawake wa mtaa waliacha kupanda kuja kusukana nywele. Watoto walipita chini ya dirisha mbio. Na Assumani, kila akipita, aliinua viganja akaanza kuisoma Fatiha, nusu kwa hofu, nusu kwa uchokozi, na Mariyamu akamjibu kutoka dirishani kwa matusi na maji ya vyombo.

"Kajisomee mwenyewe, mfu we! Mimi huku sina maiti!"

Aliyepanda ngazi bila woga ni mmoja tu, Domitille. Alikuwa Mkristo wa kijiji cha Minago, muuza mawese, mke wa mwalimu Casimir, na ubao wa maiti hakuujua. Alikuwa akimaliza kuuza anapanda, anajitupa kitandani, anatazama juu.

"Iko muzuri," alisema siku ya kwanza, na sauti yake ikashuka kama mtu aliyeingia kanisani. "Dada, iko kama mutumbwi ya malaika."

Mariyamu alikuwa hajawahi kuutazama hivyo. Alilala kando ya rafiki yake, akautazama, na kweli, jua lililopenya kwenye matundu ya misumari lilikuwa likitembea chini ya ubao, na ubao ukawa kama unaenda mahali. Akakumbuka mtu aliyesimama juu ya maji. Ile hali ya nyayoni ikamrudia. Hakuusifu kwa sauti, maana si jambo zuri kusifu kitu unachogombana nacho kila siku.

Kisha ukaja mwaka wa sabini na mbili.

Mwisho wa Aprili watu wenye mapanga walivamia ufuo, wakaua, na waliouawa wengi walikuwa Watutsi, wakubwa kwa wadogo. Halafu wanajeshi wakaja, na kisasi chao hakikuuliza nani alifanya nini. Walikuwa na Wahutu wa kutafuta, hasa waliosoma, na baada ya waliosoma, jamaa zao, na baada ya hao, yeyote. Watu waliitwa ofisini kwa jina, wakaenda wamechomekea mashati, na hawakurudi. Malori yalipita yamefunikwa. Ziwani, ambako taa za wavuvi wa ndagala zilikuwa zikiwaka kama mji mwingine, hapakuwa na taa hata moja, maana mitumbwi ilikuwa imekatazwa kutoka. Feruzi alikuwa Bujumbura, alikokwenda kununua nyuzi, na barabara ilikuwa imefungwa nyuma yake. Mariyamu alikuwa peke yake na ubao.

Domitille alikuja kabla ya adhuhuri, kwa mlango wa nyuma wa duka. Mzee Mbaraka alimwona, akageuza uso akaanza kupanga vibiriti, na huko kugeuza uso kulikuwa zawadi kubwa kuliko zote alizowahi kutoa. Domitille alipanda ngazi pekupeku. Kitenge chake kilikuwa na mawese upande mzima, alikuwa ameangusha mtungi.

"Walimuita Casimir asubuhi," alisema. "Dada, walimuita asubuhi. Sasa bananitafuta na mimi. Iko wanapita nyumba kwa nyumba."

Mariyamu alitazama chumba chake. Uvunguni mwa kitanda? Pa kwanza kutazamwa. Sandukuni? Lingemtosha mtoto. Nyuma ya cherehani paka asingejificha. Kwa mara ya kwanza alikiona chumba kama kilivyo, kidogo, kidogo mno kuweza kuokoa mtu, akahisi kilio kinampanda. Ndipo alipotazama juu.

Domitille akamfuata kwa macho. "Ule ubao si wako," alisema.

"Ninajua. Panda."

Alisimama kitandani, akainama, Domitille akamkanyaga mgongo, kisha mabega. Mariyamu aliuhisi uzito wa mwenzake wote kwenye shingo, kisha nusu yake, kisha hakuuhisi tena. Kamba zililia. Zililia mlio mmoja mrefu, mafundo yakajikaza, na ubao ukayumba kama ulivyokuwa ukiyumba ziwani, ukatulia. Domitille alikuwa amelala kifudifudi juu ya mfuko, viganja vimeushika ubao. Mariyamu alichana mfuko ubavuni kwa mkasi wa mumewe, akauvuta kutoka chini ya mwenzake mpaka shavu lake likalala juu ya nta, akamfunika kwa ile marekani mpaka ikaning'inia pande zote mbili. Joto la kule chini ya mabati saa sita za mchana halikuwa joto la binadamu.

"Usikohoe," alisema. "Usiombe kwa sauti. Lala tu."

Viatu vilisikika ngazini hata hajamaliza kujifunga kanga vizuri.

Aliyetangulia alikuwa Assumani. Hakuja kwa kupenda. Alikuwa ameshikwa kibandani kwake akaambiwa aonyeshe nyumba, na uso wake ulikuwa wa kijivu. Nyuma yake alikuwa mwanajeshi kijana, bunduki imegonga ukuta kwenye ile kona, naye amekasirika kwa sababu hiyo.

"Hapa iko nani?"

"Mimi peke yangu, afande. Bwana yangu iko Bujumbura."

Alipiga teke uvungu. Akafungua sanduku, harufu ya kafuri ikajaa chumba. Akavuta cherehani. Chumba kilimwisha upesi, akabaki amesimama katikati hana pa kutazama zaidi, na Mariyamu akaanza kuhesabiwa pumzi zake na Mungu. Halafu mwanajeshi akainua kichwa.

"Kule juu iko nini?"

Mariyamu alifungua mdomo. Assumani ndiye aliyejibu, haraka, kama kawaida yake.

"Afande, ile iko ubao ya maiti. Uliza Rumonge yote. Wanaoshea watu waliokufa juu yake."

Mwanajeshi alisogea hatua moja nyuma, akajionea haya, akarudi. "Panda," alimwambia Assumani. "Funua ile nguo."

"Mimi, afande?"

"Wewe."

Mtu mzima yule, ambaye kwenye misiba alisimama mbali kabisa barabarani kwa kuogopa hata kusikia maji yakimwagwa, alipanda kitanda cha Mariyamu. Akainua mkono. Akainua uso. Kitambaa cheupe kilikuwa karibu na pua yake, kafuri inamjaa kifuani, na chini ya kitambaa kile, kwenye ukingo wa ubao, lilikuwa limejikusanya tone la maji.

Mariyamu aliliona. Lilikuwa jasho la Domitille, limetiririka juu ya nta, na nta hainywi maji. Lilinenepa. Likatetemeka. Likaanguka katikati ya paji la uso la Assumani.

Sauti aliyoitoa haikuwa neno. Alijipapasa, akatazama vidole vyake vilivyolowa, na macho yakamtoka. Kwa miaka yote ile alikuwa akisema, na sasa alikuwa ameambiwa ndiyo. Ubao ulikuwa umelowa. Umetumika leo. Maji ya maiti yalikuwa yamemgusa yeye, Assumani, hai.

"Ametoka kuoshwa!" alipiga kelele. "Iko mutu juu yake! Ashhadu an la ilaha illallah!" Akaanguka kutoka kitandani, akapita miguuni mwa mwanajeshi, akashuka ile ngazi kwa namna ambayo hakuna mtu aliyewahi kuishuka, kona na vyote, na shahada yake ikasikika mpaka barabarani.

Mwanajeshi alibaki. Alikuwa kijana, huenda hata ndevu alizinyoa kwa matumaini tu. Alitazama juu, akamtazama Mariyamu, na mkono wake wa kulia ukafanya alama ya msalaba peke yake.

"Ni kweli, mama?"

Miaka yote ile alikuwa ameupigania ukweli wa ubao ule kwa matusi na maji ya vyombo. "Ni kweli, afande," alisema Mariyamu. "Ni wa maiti."

Mwanajeshi alishuka taratibu, akiugusa ukuta. Mariyamu alikaa sakafuni. Alisikia viatu vikienda mlango wa jirani, vikienda mbali. Juu yake hapakuwa na sauti yoyote, hata ya pumzi, na kwa muda mbaya kuliko wote alidhani safari hii Assumani alikuwa amesema kweli. Kisha tone lingine likaanguka, likampata yeye kwenye mkono. Akalitazama. Akaubusu mkono wake, akalia kimya kimya, na hofu aliyoisikia moyoni haikuwa tena ya wanajeshi. Ilikuwa ile ya mtu aliyeona maji yakimbeba mwenzake.

Domitille alikaa juu ya ubao ule mpaka mwezi ukaandama na kukua. Alishuka kula na kwenda haja, akapanda tena. Na jambo la ajabu, hakuna aliyekuja tena, kwa maana Assumani alikuwa amekwisha kulitangaza kila mahali, na askari, ambao wenyewe walijua wanayoyafanya, hawakutaka kuona maiti aliyeoshwa vizuri. Feruzi alirudi barabara ilipofunguka, amekonda, nyuzi zake mkononi. Aliinua macho, akaona miguu ya mtu ukingoni mwa amana. Mariyamu alikuwa tayari kugombana. Lakini Feruzi alipanda kitandani, akaanza kukagua mafundo, moja moja.

"Nilikuambia," alisema mwishowe. "Hata ng'ombe."

Siku mitumbwi iliporuhusiwa, Domitille aliondoka alfajiri na wafanyabiashara wa samaki, amejifunika buibui la Mariyamu, jina lake Fatuma mpaka ng'ambo. Baadaye mchuuzi mmoja alileta salamu kutoka Kigoma. Amefika. Anauza mawese. Anamuulizia Casimir.



Na mwaka haujaisha, nani akateremka kwenye basi la Bujumbura? Joris. Upara umemla kichwa, ndevu zimeingia mvi, lakini ni yeye, anacheka kabla ya kufika. Alikuwa amekuja kuchukua ubao wake.

Feruzi alipanda juu, akang'oa misumari. Mabati yalitoka, jua likamwagika chumbani, na ubao ukateremka ule ukuta, mweupe, na mfuko umeshonwa ubavuni kwa mshono wa fundi. Waliulaza uani kwa Mzee Mbaraka. Mariyamu alisimama pembeni, mikono ndani ya kanga. Alijua ameivunja amana. Alikuwa amepanga maneno ya kusema.

Joris alivua mfuko, akasita.

Nta aliyoipaka kwa mkono wake mwaka wa uhuru ilikuwa imelainika kwa joto la mabati, ikashika, ikapoa. Humo ndani alikuwamo mtu. Viganja viwili, na kila kidole chake. Shavu. Mfupa wa nyonga. Magoti. Karibu na mdomo, shanga ndogo ndogo za rozari zimejichapa kwa mstari, na msalaba mwishoni. Hata Mariyamu, aliyekuwa akimfunika na kumfunua, hakuwa amewahi kuona hili. Alifikiri rafiki yake alikuwa amelala tu huko juu. Sasa aliona jinsi alivyokuwa ameshika.

Joris aliweka kiganja chake juu ya kimoja cha vile viganja, kikakifunika chote. "Huyu nani?"

Mariyamu alimwambia. Hakuficha kitu, wala hakupamba. Alipomaliza hakuyakumbuka yale maneno aliyoyapanga, akasema mengine.

"Patroni, nilikuchungia hii kitu miaka yote, hata kitunguu sikuweka. Lakini sasa si yako tena, na si yangu. Mwenyewe iko Kigoma. Siku akirudi, yeye ndiye atasema."

Feruzi alimtazama mkewe kwa mshangao. Joris akachukua mfuko, akauvisha ubao mwenyewe, taratibu, kama anavyofunikwa mtu aliyelala, akauliza kamba ziko wapi.

Kwa hiyo ubao ukapanda tena. Joris na Feruzi walisukuma kutoka chini, na Mariyamu, ambaye safari hii alikataa kubaki ndani, alikuwa juu ya nyumba akivuta kamba na vijana wa duka. Kitu kirefu cheupe kikaelea mbele ya nyumba. Watu wakasimama barabarani kama walivyosimama mwaka ule, ila sasa hapakuwa na ngoma.

Ng'ambo ya barabara, Assumani alitoka kibandani. Aliinua viganja, akaanza kuisoma Fatiha.

Hakuwa na uchokozi wowote. Alisoma machozi yanamtoka, mtu aliyekuwa ametembezwa nyumba kwa nyumba na anayajua majina yote ya waliochukuliwa. Mwanamke mmoja kando yake akainua viganja. Halafu mzee. Halafu muuza ndagala, Mkristo, akainamisha kichwa. Barabara nzima walikuwa wana wa watu walioitwa ofisini, wake zao, mama zao, na mwaka ule kumlilia mtu wako hadharani kulikuwa kujitafutia kifo. Hakuna aliyepewa maiti yake. Hakuna aliyeosha, aliyevika sanda, wala aliyezika. Lakini ubao ulikuwa unapita, mweupe, mbele ya macho yao, na nani angewakataza kuuombea ubao?

Akilini mwake Mariyamu alimwona Casimir, shati amechomekea, anaelekea ofisini. Mikono yake ilikuwa imejaa kamba, asingeweza kuinua viganja. Alingoja Assumani afike mwisho. Kisha, kutoka juu ya paa lililo wazi, akaitikia, "Amina," kwa sauti ambayo ilisikika mpaka mchangani.